Shule ndogo za mtaani Busia: Wanafunzi wapo, kinachoziua ni makaratasi na mfuko

Ukishuka matatu Bumala kabla ya saa moja asubuhi, utakuta bodaboda zimebeba watoto wawili watatu, sare safi, chupa ya uji ikining'inia shingoni. Ni picha hiyo hiyo mjini Busia, na ni hiyo hiyo kule Malaba huku malori yakipanga foleni kuingia Uganda.

Baadhi ya watoto hao hawaendi shule ya serikali. Wanaelekea shule ndogo ya kibinafsi: vyumba vinne au vitano vya mabati ndani ya ploti ya kukodi, ubao wenye jina la shule, kaulimbiu kuhusu Mungu na bidii, na nambari ya simu ya mwenye shule.

Na mwenye shule siku hizi huenda ni wa rika lako. Amesomea ualimu, ana nambari ya TSC, ametuma maombi hadi akachoka, kisha siku moja akajiuliza: kwani lazima niajiriwe?

Swali ni zuri. Lakini kuanzisha shule si kama kufungua kibanda cha chipsi. Chipsi zisipouzika leo, kesho unahamia biashara nyingine. Shule ikifungwa katikati ya muhula, kuna mtoto amebaki barabarani na begi mgongoni. Ndiyo maana inafaa tuulize kwa nini shule hizi huanza kwa kishindo kisha zikazimika kimya kimya. Jibu la haraka ni kwamba wanafunzi wamekosekana. Nadhani jibu hilo si sahihi.

Wanafunzi wapo. Serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipofuta karo ya msingi mwaka 2003, zaidi ya watoto milioni moja waliitikia, na madarasa ya umma yakafurika kuliko walimu waliokuwepo. Hadi leo mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa msingi ni Sh1,420 kwa mwaka. Pesa hizo hazinunui mengi, na mzazi anajua kwamba "bure" ina gharama zake.

Kuna pia suala la saa. Mama anayeuza samaki au anayevusha mahindi mpakani huondoka nyumbani alfajiri na kurudi giza likiingia. Anataka mahali ambapo mtoto atapokewa mapema, atapata uji, na mwalimu atamjua kwa jina. Shule ya mtaani humpa hayo yote. Kwa hivyo soko lipo, tena ni la uhakika.

Sasa tazama kilichozipata shule zilizokuja Busia na pesa za kutosha.

Bridge International Academies ilifungua shule yake ya kwanza mtaani Mukuru, Nairobi, mwaka 2009. Karo ilikuwa nafuu na mwalimu alisoma somo kutoka kwenye kishikwambi. Nyuma yake walikuwepo wawekezaji ambao hasla wa Bumala anawasikia redioni tu: Bill Gates, Mark Zuckerberg, na IFC, tawi la Benki ya Dunia linalowekeza kwenye kampuni. Ilienea hadi ikawa na mamia ya shule nchini, zikiwemo za kaunti ya Busia.

Mwaka 2014 Bodi ya Elimu ya Kaunti ya Busia iliamuru shule hizo zifungwe kwa kutotimiza viwango. Kampuni ikakimbilia mahakamani. Mnamo Februari 2017, Mahakama Kuu ya Busia ikaunga mkono bodi, na shule 10 zikaambiwa zifunge. Miezi michache tu kabla ya hapo, Novemba 2016, mahakama ya Uganda ilikuwa imeruhusu serikali ya huko kuzifunga shule 63 za kampuni hiyo hiyo. IFC nayo ilijiondoa mwaka 2022.

Hapa tuwe wakweli. Utafiti uliotolewa mwaka 2022, ulioongozwa na wasomi akiwemo Michael Kremer, mshindi wa tuzo ya Nobel ambaye utafiti wake wa dawa za minyoo ulifanyika shuleni papa hapa Busia, ulionyesha kuwa watoto waliosoma Bridge nchini Kenya walijifunza zaidi ya wenzao kwa kiwango kikubwa. Kwa hivyo huwezi kusema kwa mkato kwamba watoto hawakufunzwa kitu. Hata hivyo, mahakamani si alama za mtihani zilizokuwa zikipimwa. Yaliyokuwa mezani ni usajili, walimu na majengo.

Kama kampuni yenye mabilioni na mawakili wa kutosha iliangushwa na makaratasi, wewe mwenye mkopo wa chama na ploti ya kukodi utaponea wapi?

Sheria haina mafumbo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mtu yeyote kutoa elimu ya msingi bila kusajiliwa. Sheria ya TSC ya 2012 inataka kila anayefundisha awe amesajiliwa, awe wa shule ya umma au ya kibinafsi. Afisa wa afya ya umma atakuja kukagua vyoo na maji. Afisa wa ubora wa elimu atapima madarasa. Utahitaji pia hatimiliki au mkataba wa kukodi unaoeleweka, si makubaliano ya mdomo na mwenye ploti.

Kuna mtego mmoja ambao wengi hawauoni. Wengi huanza na chekechea, na chini ya Katiba ya 2010 chekechea iko mikononi mwa serikali ya kaunti. Watoto wakikua, mwenye shule huongeza Gredi ya 1, kisha ya 2. Bila kujua, ameingia eneo la Wizara ya Elimu, lenye masharti mengine na ofisi nyingine. Anajiambia atashughulikia usajili "mambo yakikaa sawa". Mambo hayakai sawa kamwe, na mwaka wa sita unafika.

Hapo ndipo mtoto anapolipia. Shule isiyosajiliwa haipewi kituo cha mtihani na KNEC. Mwenye shule huanza kubisha hodi kwa shule jirani ili watoto wake wasajiliwe huko kwa tathmini ya Gredi ya 6. Mzazi aliyelipa karo miaka yote anakuja kugundua kwamba kwenye rekodi za serikali mtoto wake ni wa shule ambayo hajawahi kukanyaga.

Na usidhani masharti ya majengo ni usumbufu wa maafisa tu. Septemba 23, 2019, darasa la shule ya Precious Talent mtaani Dagoretti, Nairobi, liliporomoka asubuhi na kuua wanafunzi wasiopungua 7. Ilikuwa shule ya mtaa, iliyojaa watoto wa wazazi wa kipato cha chini, sawa na hizi zetu. Fundi wa bei nafuu anaweza kuwa ndiye aliyekugharimu zaidi.

Tuje kwenye mfuko. Tupige hesabu ya mfano. Tuseme una wanafunzi 120, kila mmoja analipa Sh3,000 kwa muhula. Kwenye daftari hizo ni Sh360,000, na unaweza kujiona umeomoka. Sasa tuseme wazazi 7 kati ya 10 ndio wanaomaliza karo. Mkononi una Sh252,000.

Muhula pamoja na likizo yake ni miezi minne. Walimu 7 kwa Sh8,000 kila mwezi, mshahara ambao si wa kujivunia, wanachukua Sh224,000. Kodi ya ploti, Sh6,000 kwa mwezi, ni Sh24,000. Umebaki na Sh4,000 za uji, maji, chaki na karatasi za mtihani kwa muhula mzima. Hapo wewe mwenyewe hujajilipa hata senti.

Wale wazazi 3 waliobaki wangelipa, ungekuwa na Sh112,000. Kwa maneno mengine, umbali kati ya shule inayopumua na shule inayokufa ni wazazi watatu katika kila kumi. Kuongeza wanafunzi bila kutatua hilo ni kuongeza madeni.

Kosa kubwa ni kuwaona wazazi hao kuwa wakorofi. Busia na Malaba ni miji ya pesa za kila siku. Bodaboda, mbadilisha fedha, muuza mayai yanayotoka Uganda, kijana wa kupakia na kupakua mizigo: hakuna kati yao anayepokea mshahara mwisho wa mwezi. Ukimdai Sh3,000 kwa mpigo siku ya kufungua shule, unamdai kitu ambacho hana. Ukimwambia alete Sh250 kila wiki kwa simu, kwa wiki 13 utakuwa umepokea Sh3,250. Ni mzazi yule yule, na hajaongezewa mapato. Umebadilisha kalenda tu, ukaifuata ya mfuko wake.

Hesabu hiyo ina hatari yake: mpaka ukikohoa, shule inaugua. Tuliona Machi 2020, corona ilipofunga shule zote. Zilifunguliwa kikamilifu Januari 2021. Kwa muda huo karo haikuingia, na kote nchini kuna shule ndogo ambazo hazikufungua tena. Asiyekuwa na akiba ya angalau muhula mmoja anaendesha gari bila breki.

Kisha kuna walimu. Mwanzoni mwa 2023 TSC iliajiri zaidi ya walimu 30,000 kwa mpigo, wakiwemo wanagenzi. Kwa vijana ilikuwa habari njema. Kwa shule ndogo ilikuwa pigo, kwani mwalimu wa Sh8,000 hakungoja kuaga. Huwezi kushindana na serikali kwa mshahara, lakini unaweza kulipa tarehe iliyosemwa bila visingizio. Mwalimu anayelipwa kidogo kwa wakati hukaa kuliko anayeahidiwa kingi kisichokuja. Ukiona mwenye shule ananunua basi ilhali walimu wanadai miezi miwili, jua hilo basi limenunuliwa kwa jasho lao.

Januari hiyo hiyo ya 2023, Gredi ya 7 ilianza chini ya CBC, na shule za kibinafsi zilizotaka sekondari msingi zikahitaji maabara na walimu wa masomo maalumu. Shule ya umma hupata mgao wa Sh15,042 kwa mwanafunzi wa ngazi hiyo kwa mwaka. Ya kibinafsi haipati kitu. Kwa shule ya mtaani yenye wanafunzi 12 wa Gredi ya 6, kulazimisha Gredi ya 7 ili jirani asikucheke ni kujichimbia kaburi. Hakuna aibu kuwa shule nzuri inayoishia Gredi ya 3, au hata chekechea.

Je, serikali haina lawama? Inayo. Afisa anayefika na kufuli mwaka wa tano alipaswa kufika na ushauri mwaka wa kwanza. Kuna mwongozo wa APBET unaolegeza masharti kwa shule za mitaa duni, lakini mji mdogo kama Bumala si mtaa duni wa Nairobi wala si kijiji, na unaachwa katikati. Kaunti na Wizara zingekuwa na dawati moja la kupokea maombi, na kibali cha muda chenye ratiba ya kurekebisha kasoro, ingejulikana mapema nani anajikaza na nani anacheza na maisha ya watoto. Kufunga shule bila kuonyesha watoto wapi pa kwenda hakumlindi mtoto yeyote.

Lakini kijana, usingoje serikali ibadilike ndipo ujipange. Anza na darasa moja au mawili. Sajili kabla ya kupaka rangi. Lipa walimu kabla ya kujilipa. Usifungue gredi mpya hadi ile iliyopo ijilipie. Karo ifuate mfuko wa mzazi.

Na kabla hujachapisha kadi za mwaliko wa kufungua shule, jiulize hivi: mtoto atakayeingia kwangu chekechea Januari, akifika Gredi ya 6 atafanyia mtihani wapi? Kama jibu ni "tutaona", basi kwa sasa ulicho nacho ni ploti na ubao. Bado hujawa na shule.