Mkeka wangu hauna nyasi za Uingereza

Wiki mbili kimya, najua, majaribio ya katikati ya muhula yalinibana. Leo sina habari za bwenini. Leo nina hasira.

Juzi jamaa wa chumba cha pili alinikuta barazani nimetandaza turubai la futi sita kwa nne, nalipaka uji wa gundi na mchanga. Akauliza, "Mpare, unajenga?" Nikamwambia natengeneza mkeka. (Si ule wa kubeti, tulieni!) Ni mkeka wa ardhi, wa kuchezea vita vya mezani: unapanga visanamu vya askari, unapima hatua kwa rula, unarusha dadu. Akacheka. "Mambo ya wazungu hayo."

Hapo ndipo damu ilipochemka. Vita ninavyovicheza vilipita mlangoni kwetu Makanya. Mwezi Mei 1916, mvua za masika zilipokatika, Jenerali Smuts alitoka upande wa Moshi kuteremka na reli ya Tanga. Kikosi kimoja kilifuata reli chini ya milima ya Upare, kingine kilifuata mto Pangani kikikata njia vichakani, kingine kikapita pengo la Ngulu. Wajerumani wakarudi nyuma huku wakiharibu reli na madaraja, mpaka mapigano ya Mikocheni karibu na Buiko tarehe 30 Mei. Reli ile ile tuliyokuwa tukiirukaruka tukienda shule. Sasa mambo ya wazungu yako wapi hapo?

Lakini wanaouza mikeka na kufundisha kuitengeneza nao siwaachi. Kwao ardhi ni mbili tu. Ya kwanza ni malisho ya kijani ya Uingereza, na uzio wa mawe. Ya pili ni "Afrika": njano tupu, kigunguti kimoja katikati, basi. Jamani! Njooni mwishoni mwa Mei mwone kama nyika ni ya njano. Masika ndiyo kwanza yameondoka, vichaka bado vina majani na nyasi zinamfika mtu kiunoni. Askari hakuoni hatua ishirini. Ukicheza vita vile kwenye njano tupu, bunduki inapiga kutoka ukingo mmoja wa meza hadi mwingine, halafu unashangaa Wajerumani wamekwisha kabla ya chai.

Wangu nimeufanya hivi. Gundi ya mbao peke yake ikikauka inakuwa ngumu, ukiukunja mkeka inapasuka (nimeshaharibu turubai moja hivyo, lilikuwa la mjomba, naomba asisome hapa). Chukua ile gundi laini ya kuzibia nyufa, inayokubali rangi juu yake. Silikoni ya kawaida rangi haishiki. Changanya na rangi ya maji ya kahawia na mchanga uliochekechwa, paka kwa mwiko, acha siku mbili. Nyasi ni katani iliyokatwakatwa na kuchovywa rangi. Vichaka ni vumbi la mbao. Milima nimepanga makatoni ngazi ngazi kama kontua za ramani, juu nikapaka jasi ya kwetu, maana Makanya kama hujui ni nchi ya jasi, viwanda vya saruji vinaifuata. Mchanga wenyewe nilibeba kwenye chupa ya maji kutoka korongoni. Kondakta aliniuliza kama ni dawa ya mganga.

Sasa niseme kinachoniuma zaidi. Sheria nilizozisoma zinahesabu bunduki, bomba la mzinga, ujasiri wa ofisa. Wapagazi hamna. Ukiuliza unaambiwa wanachelewesha mchezo. Kuchelewa ndiyo vita vyenyewe! Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, kwa hiyo unga, risasi na majeruhi vilikwenda kichwani mwa mtu. Upande wa Waingereza peke yao wapagazi waliokufa wanakadiriwa kukaribia laki moja, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Kariakoo mnayokwenda kununua viatu ilipata jina kutokana na kikosi chao. Ila pale mjini Dar sanamu iliyozinduliwa 1927 ni ya askari tu na singe yake. Wenzetu Nairobi walau walimsimamisha na mpagazi.

Marehemu bibi alikuwa akisema babu yake alichukuliwa kubeba mizigo, akaonekana mara ya mwisho akielekea kusini. Jeshi gani lilimchukua, bibi hakuwahi kuambiwa. Mtu kama huyo unaniambia anachelewesha mchezo?

Kwa hiyo kwangu sheria ni hii, na aliyekasirika akalale. Katikati ya mkeka kuna njia ya miguu, nimeikandamiza kwa kidole gundi ikiwa mbichi. Wapagazi wako wasipofika na mizigo hadi zamu ya tatu, bunduki zako zinanyamaza. Njia ikikatwa, unarudi nyuma hata kama una askari mia.

Yule jamaa wa chumba cha pili jana usiku alikuja mwenyewe, akasimama, akagusa zile nyasi za katani. Akauliza wapagazi wananunuliwa wapi. Nikamwambia hawauzwi, mimi wangu nimewafinyanga kwa udongo, arobaini, mikono imechanika. Mkeka umekauka. Tunacheza Jumamosi saa nane, na atakayekuja aje na wapagazi wake.