Dhamana ya bei ya mafuta ianzie nyumbani

Wazazi wenzangu, kama riziki ya nyumba yenu inatoka kwenye bodaboda, bajaji au teksi, Jumatano ya kwanza ya mwezi inawahusu. Ndiyo siku EWURA hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Chukueni mfano wa bodaboda wa hapa Kashaulili anayetumia lita 3 kwa siku. Bei ikipanda Sh100 kwa lita, anapoteza Sh300 kila siku. Kwa siku 26 za kazi ni Sh7,800. Hizo ni hela za madaftari.

Ndiyo maana mtu akileta ofa ya "lipia leo, utajaziwa kwa bei ya leo miezi sita", anayeishi kwa kubana matumizi hutega sikio. Kabla hamjatoa hela, muulizeni maswali manne. Bei ikishuka, nitalipa ipi? Ofa ina mwisho wa lita ngapi kwa mwezi? Kituo kikiishiwa au kikifungwa, hela yangu nitaidai kwa nani? Na haya yote yameandikwa wapi?

Swali la kwanza ndilo zito. Mwaka 2008, petroli ilipopaa Marekani, kampuni ya magari ya Chrysler iliwaahidi wanunuzi wa magari mapya kwamba kwa miaka 3 wangelipa dola 2.99 tu kwa galoni. Katikati ya mwaka huo galoni ilivuka dola 4. Kabla mwaka haujaisha, ikashuka chini ya dola 2. Ahadi iliyovuta watu dukani ikawa kwa wakati huo haina cha kuwaokolea.

Kwetu Mpanda bei hufuata soko la dunia, thamani ya dola na safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bandari ya Dar es Salaam. Hakuna muuza mafuta anayevishika vyote hivyo mkononi. Kumbukeni pia kwamba bei kikomo ni dari: kituo hakiruhusiwi kuuza juu yake. Bei ya Mpanda mnaipata bure kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo. Linganisheni na bango la kituo, kisha mdai risiti.

Wapo wanaojiwekea dhamana kwa dumu: wanajaza kabla ya Jumatano na kulificha chini ya kitanda. Hapo mnaokoa mia mkihatarisha watoto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi ukutane na jiko la mkaa au mshumaa. Na petroli iliyo kwenye chupa ya maji, mtoto mwenye kiu ataona ni maji. Akiinywa, msimtapishe, mkimbizeni hospitali.

Dhamana iliyo salama ni ya hela. Mume na mke, kaeni mpange bei yenu ya nyumbani, juu kidogo ya bei ya kituoni. Tuseme lita ni Sh3,200. Ninyi hesabuni Sh3,300. Kwa lita 3, Sh300 ya ziada inaingia kwenye kibubu kila siku. Mwezi bei ikifika Sh3,400, mnachota Sh300 kwa siku kutoka humo, na hela ya chakula na ya shule haiguswi. Bei ikishuka, msile tofauti. Ongezeni kwenye kibubu.

Hesabu hii ifanyike wote wawili mkiwepo. Dereva akificha kwamba mafuta yamepanda, mama atadhani hela imeishia kijiweni, na ugomvi utaanza kwa jambo ambalo hakuna kati yenu aliyelisababisha. Jumatano ya kwanza ijayo, piga namba hiyo ukiwa na mwenzako, mwandike bei kwenye daftari la nyumba.