Msomi wa mipango miji anasajili laini, mji unapangwa na mafuriko!

Pale Magomeni, chini ya mwavuli uliopauka kwa jua, yupo mshikaji wangu mmoja anasajili laini za simu. Unampa namba ya kitambulisho cha taifa, unaweka kidole, unaondoka. Wanaosimama mbele yake kila siku hawajui kwamba kijana huyo ana shahada ya chuo kikuu, tena ya jiografia na mipango ya mazingira. Alisomeshwa kwa mkopo wa serikali, miaka mitatu mizima. Siku akipata ajira atakatwa asilimia 15 ya mshahara kulipa deni hilo. Ajira yenyewe iko wapi? Muulizeni mwavuli.

Ndugu msomaji, usicheke. Najua vijiweni kwetu somo hili lina jina baya. Kijana akisema anakwenda kusoma sheria, udaktari au uhasibu, anapigiwa makofi. Akisema jiografia anaulizwa swali moja tu: "Utakula nini, mawingu?" Mimi mwenyewe nilikuwa kinara wa wachekaji. Niliishia kidato cha sita, mchepuo wa HGE, matokeo yakanigomea, nikaingia kwenye kalamu hii ya kulipwa kwa kila habari inayochapwa. Nilikuwa namwambia jamaa kwamba anakwenda kukariri majina ya milima.

Nilinyamaza siku moja ya mvua. Barabara ya Morogoro ilikuwa imefungwa pale Jangwani, maji yamekata njia, abiria wameshushwa na viatu wamevishika mkononi. Tukiwa tumesimama pale, jamaa akaanza kunieleza. Akasema maji yale hayakunyesha pale. Mto Msimbazi unaanzia milima ya Pugu kule Kisarawe, unapita Vingunguti, Tabata na Kigogo, unafika Jangwani, kisha unaingia baharini pale daraja la Salenda. Kila paa na kila lami inayoongezeka kule juu ni ardhi ambayo zamani ilikuwa inakunywa mvua na sasa inaitema. Udongo unaomomonyoka huko juu unashuka pamoja na takataka, unatulia karibu na mdomo wa mto, na kina kinapungua. Mto uliokosa kina unatafuta upana. Na upana wenyewe ndio vyumba vya watu wa Mkwajuni na Hananasifu.

Nikajiuliza, mbona haya sikufundishwa? Sekondari nilifundishwa bonde la Tennessee kule Marekani. Najua hadi leo kwamba mamlaka ya kuliendeleza iliundwa mwaka 1933, najua walijenga mabwawa, wakazuia mafuriko, wakapanda miti, wakazalisha umeme. Nililijibu swali hilo vizuri kwenye mtihani. Nilikuwa nakwenda shule hiyo kwa miguu, navuka bonde la Msimbazi asubuhi na jioni, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyetuambia tusimame darajani tuangalie chini!

Sasa tuje kwa wakubwa. Wanapenda kusema mji umeharibika kwa sababu wananchi ni wakorofi, wanajenga holela. Hebu tuitazame historia. Mpango kabambe wa Dar es Salaam wa mwaka 1949 ulichorwa na kampuni ya Waingereza, Sir Alexander Gibb na wenzake. Waliacha maeneo ya wazi ili upepo wa bahari upite, na maeneo hayohayo yakatenganisha Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Hapo unaona kwamba ramani inaweza kuwa na ubaguzi hata kama haikuandikwa neno. Tukapata uhuru. Mpango wa 1968 ukachorwa na Wakanada. Wa 1979 nao Wakanada. Mwaka 1967 jiji hili lilikuwa na watu wasiofika laki tatu. Sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Mpango wa 1979 ulizeeka, ukabaki kabatini, na mji ukaendelea kukua bila kumsubiri mtu. Kwa miaka mingi wataalamu wametaja kwamba zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa jiji wanaishi kwenye makazi yasiyopangwa. Asilimia 70 ni watu wakorofi? Au ni watu waliosubiri kiwanja kilichopimwa hadi wakachoka?

Na wataalamu tunao. Chuo cha Ardhi kilianza mwaka 1956 kama kituo cha kufundisha wapima, mwaka 1996 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili. Mlimani wanafundisha jiografia. Dodoma, Chuo cha Mipango wanatoa shahada ya mipango na usimamizi wa mazingira. Mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vya hapa Dar waliingia mitaani pamoja na wakazi, wakachora nyumba, vichochoro, mifereji na sehemu zinazojaa maji. Watoto hawa hawa mnaowacheka! Walipita na simu na karatasi mahali ambapo gari la halmashauri halijawahi kuingia, na ramani zikatoka.

Lakini ramani bila mamlaka ni pambo la ukutani. Tazameni yaliyotokea. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu zaidi ya 40 jijini, na baadhi ya waathirika wakapelekwa Mabwepande. Sawa, hilo lilikuwa funzo. Desemba 2015 zikaja alama za X nyekundu na tingatinga, nyumba za Mkwajuni zikalala chini. Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ukingo wa mto hakuna shughuli ya kudumu. Sheria ni sheria, mimi siibishii. Ila nyumba zile zilikuwa na mita za umeme, na wenyewe walikuwa wanapiga kura kila uchaguzi. Hakuna aliyeona mita 60 siku ya kuomba kura?

Na katika bonde hilohilo, pale Jangwani, ilijengwa karakana ya mabasi yaendayo kasi! Mabasi yakaanza kazi 2016, na mwaka 2018 wote tuliyaona yamesimama ndani ya maji kama viboko. Mama muuza vitumbua alivunjiwa kwa sababu bonde ni hatari, basi la mabilioni likalazwa bondeni. Nilimuuliza mshikaji wangu pale mwavulini, kwani hapakufanyika tathmini ya athari kwa mazingira? Akacheka, akaniambia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akichora karakana pale anarudishiwa karatasi na alama nyekundu. Ni hiyo hiyo nyekundu ya X, nikamwambia, ila hii haikubandikwa.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya kulitengeneza bonde hili. Fedha si haba, na sisi na watoto wetu ndio tutakaolipa. Ndiyo maana nauliza mapema: ni vijana wangapi wa jiografia na mipango miji, kutoka Magomeni, Kigogo na Tandale, watashika kazi pale, au watapewa fulana na kofia siku ya uzinduzi?

Sisi nasi tusijitoe lawamani. Tunanunua kiwanja kwa karatasi ya daftari, mashahidi wawili, na kumi kwa mia ya serikali ya mtaa, bila kuuliza maji yanapita wapi. Vijana wenzetu wanachimba mchanga mtoni usiku, ukingo unamomonyoka, na nyumba inayodondoka ni ya shangazi ya mtu. Nimewahi kuinywa soda iliyonunuliwa kwa fedha ya mchanga huo, kwa hiyo nasema nikiwa ndani ya kundi.

Ila kuna tofauti. Mchimba mchanga hana ramani. Halmashauri inayo. Nenda leo ofisi ya mtaa wako, ulizia ramani ya mpango miji: wapi ni barabara, wapi ni shule, wapi ni njia ya maji. Mimi nilikwenda kwenye mtaa ninaoishi. Mwenyekiti, mzee wa watu, alinikaribisha vizuri sana, akanionyesha kalenda. Ramani, akasema, iko "kule juu". Na ukifika kule juu utaikuta imeandikwa Kiingereza, kana kwamba mafuriko yanawafuata wenye digrii peke yao.

Kwa hiyo wewe uliyeko kidato cha sita na unaambiwa jiografia haina ulaji, kasome. Anayejua mkondo wa maji anajua pia nani aliuziwa nini, lini, na kwa saini ya nani, na ndiyo maana hapendwi maofisini. Na sisi tusiosoma tuna kazi yetu ya kuuliza. Kuna maofisa ardhi, maofisa afya, maofisa biashara wa kutoza faini kina mama wa mboga. Hao tunawajua kwa sura. Waheshimiwa madiwani wa bonde la Msimbazi, kuanzia Vingunguti hadi Hananasifu, afisa mipango miji anayehusika na kata yako anaitwa nani, anakaa chumba gani, na ramani yake itabandikwa lini kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa, kwa Kiswahili? Mvua za masika hazingoji kikao. Na kama kiti hicho kiko wazi, Magomeni chini ya mwavuli kuna mtu, vyeti vyake viko kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu chumba chake kinaingia maji.