Kiingereza Kifafanuliwe kwa Kiswahili

Arusha ni mji ambao riziki ya watu wake wengi, wapende wasipende, imefungamana na lugha ya Kiingereza. Hapa ndipo yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hapa ndipo inapokaa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Na hapa ndipo watalii hushukia kabla ya kuelekea Serengeti, Ngorongoro, au mlima wenyewe wa Meru, ambao haupandwi pasipo askari wa hifadhi mwenye bunduki. Kijana wa Usa River au Ngaramtoni atakaye kuwa mwongozaji, karani, mpokezi wa hoteli au wakili hana budi kuimudu lugha hiyo. Na aghalabu, baada ya miaka minne ya sekondari ambamo takriban masomo yote hufundishwa kwa Kiingereza, hutoka akiwa na maneno mengi na sentensi chache zilizonyooka.

Ukimsikiliza kwa makini utaona kwamba taabu yake kubwa imo katika mambo mawili: nyakati za vitenzi, na vile vishazi vya kurejesha ambavyo Mwingereza huviunga kwa "who", "which" na "that". Walimu na waajiri wengi huhukumu kwamba makosa hayo ni dalili ya uvivu au uzito wa akili. Mimi nadai kwamba mengi katika hayo ni ushahidi wa akili inayofanya kazi, kwa maana mwanafunzi huchukua kaida za Kiswahili, alizozimudu tangu utotoni, akazitumia kwa uaminifu katika lugha isiyozikubali. Na taksiri ni yetu sisi tusiomwonyesha mahali ambapo nahau za lugha hizi mbili hupambanuka.

Tuanze na nyakati. Kiambishi -me- cha Kiswahili hubeba kazi ambazo Kiingereza kimezigawa. Mpokezi wa hoteli akiulizwa kwa simu habari ya mgeni, moyoni mwake husema, "Amelala," yaani yumo usingizini wakati uleule. Kisha hutamka "He has slept", na aliye upande wa pili hufahamu kwamba usingizi umekwisha, akashangaa kwa nini haunganishwi na mtu aliyekwisha amka. Ndivyo ilivyo pia kwa amesimama, amekaa na amevaa: kwetu ni hali iliyopo, iliyozaliwa na tendo lililopita, na kwa Mwingereza hali hiyo yataka umbo jingine kabisa. Tena Mswahili huweza kusema "Nimefika jana" bila mtu kumkosoa, walakini Kiingereza hakikubali "I have arrived yesterday", kwa kuwa wakati timilifu wa lugha hiyo hukataa kufungamanishwa na siku iliyokwisha kupita. Nasi tuna -ka- ya masimulizi, ambayo hukiachia kitenzi cha kwanza kazi ya kutaja wakati, kama mwongozaji asimuliapo safari ya mlima Meru: tulitoka Momella, tukalala Miriakamba, tukapanda hadi Saddle Hut. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo, na kila kitenzi hulazimika kuutaja upya wakati uliopita. Basi si ajabu mwongozaji chipukizi akianza vizuri kwa "we left" halafu akaendelea "we sleep" na "we climb", akiamini kwamba wakati umekwisha kutajwa na hapana haja ya kuurudia.

Vishazi rejeshi navyo vina mitego yake. Kiswahili huweka kirejeshi ndani ya kitenzi, na mara nyingi huacha humo humo kiambishi cha mtendwa: mgeni niliyemwongoza, kilele tulichokifikia. Mwanafunzi afasiripo hupata "the guest whom I guided him" na "the summit which we reached it", ambamo ile "him" na ile "it" ni -mw- na -ki- zetu zilizohamia ugenini. Angeelezwa kwamba "whom" na "which" zimekwisha kushika nafasi ya mtendwa, na kwamba katika Kiingereza nafasi moja haikaliwi na wawili, kosa hilo lingemtoka upesi. Zaidi ya hayo, Kiswahili hupenda kutanguliza kitenzi katika kishazi cha namna hii, kama tusemavyo "njia waliyopita wageni", ilhali Kiingereza hutaka wageni wakae mbele ya kitenzi chao.

Lililo zito kuliko yote ni mkato. Mwongozaji akiandika katika taarifa yake "The climbers who were tired turned back", amesema kwamba baadhi walichoka, na hao ndio waliorudi, na wengine huenda wangali wakielekea kileleni, kwenye kimo cha zaidi ya mita 4,500. Akiandika "The climbers, who were tired, turned back", amesema kwamba wote walichoka na wote wamerudi. Kiswahili hakiuachii mkato kazi kubwa kama hiyo: kwa maana ya kwanza tutasema "wapandaji waliochoka walirudi", na kwa ya pili "wapandaji walichoka, wakarudi". Anayeisoma taarifa hiyo langoni, akitaka kujua kama pana watu waliosalia mlimani, hawezi kuliita jambo hili upuuzi wa wanasarufi.

Uzito huu haukuanza leo. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu, na mwaka 1952 msemaji wao, Kirilo Japhet, alisafiri hadi New York kuyapeleka madai yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Sisemi kwamba shauri lile lilitegemea kitenzi, kwani siasa za kikoloni zilikuwa na nguvu kuliko sarufi yoyote. Nasema tu kwamba katika dai la ardhi, "we lived here" hutaja maskani yaliyokwisha, ilhali "we have lived here" huweza kudai maskani yanayoendelea hadi saa ya kusema. Kadhalika, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kufungwa mwisho wa mwaka 2015, iliendesha kazi yake mjini hapa kwa Kiingereza na Kifaransa, huku mashahidi wengi wakisema Kinyarwanda. Na hakimu atakapo kujua kama mtu alikuwapo tendo likitendeka, au alifika likiwa limekwisha kutendeka, mkalimani asiyeweza kuzitenga nyakati hizo aweza kuiponza haki.

Watasema wapinzani kwamba lugha hufundishwa kwa masikio, na kwamba Kiswahili kikiingia darasani Kiingereza hukimbia. Ndiyo maana shule nyingi zimetundika vibao vya kuamuru watoto waseme Kiingereza, na ziko zinazomwadhibu aponyokwaye na neno la Kiswahili. Masikio humtosha mtoto aliyezaliwa katika nyumba isemayo lugha hiyo. Lakini mtoto wa miteremko ya Meru, ambaye nyumbani husema Kimeru au Kimaa cha Waarusha, na sokoni Kiswahili, hukisikia Kiingereza kwa vipindi tu, tena kutoka kwa mwalimu aliyefundishwa vivyo hivyo. Huyo ahitaji maelezo, na maelezo hayamfai yakitolewa kwa lugha ileile inayohitaji kuelezwa. Waingereza wenyewe hawakujifunza lugha yetu kwa masikio matupu: Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Unguja, alipotoa mwongozo wake wa Kiswahili mwaka 1870, na E. O. Ashton alipochapisha sarufi yake mwaka 1944, walimfafanulia msomaji viambishi vyetu kwa Kiingereza, lugha aliyokuwa akiijua. Ikiwa msaada huo ulikuwa halali kwa ofisa aliyekuja kututawala, kwa nini uwe haramu kwa mtoto wa Poli au Sakina?

Nashauri, basi, mambo matatu. Taasisi ya Elimu Tanzania itie katika vitabu vya Kiingereza vya kidato cha kwanza sura zinazolinganisha waziwazi nyakati na virejeshi vya lugha hizi mbili. Vyuo vya ualimu, kile cha Monduli kikiwamo, vimpe mwalimu wa Kiingereza maarifa ya kina ya sarufi ya Kiswahili, ili akutanapo na kosa ajue limetoka wapi. Na mwalimu, kila apigapo mstari chini ya kosa, amwambie mwanafunzi asili yake, kwa lugha ambayo mwanafunzi huyo ataifahamu. Nanyi wazazi wa Arusha na Arumeru, mnapoitwa katika mikutano ya shule, daini vibao vile viondolewe, na ulizeni ni nani aliyekwisha kuwaeleza watoto wenu, kwa Kiswahili, namna Kiingereza kinavyofanya kazi.