Milango ya Klabu za Huduma Ifunguliwe

Mtumishi anapotimiza umri wa miaka 60 hupewa mkono wa kwaheri. Hotuba mbili tatu husomwa, soda hunywewa, naye hurudi nyumbani na saa ya ukutani au bati kadhaa za kuezekea. Siku ya pili yake huamka alfajiri kama ilivyo desturi yake, akaoga na kuvaa, ndipo akakumbuka kwamba hana aendako. Watu aliokaa nao ofisi moja kwa miaka 30 alikuwa akiwaita marafiki. Kabla ya mwaka kwisha hutambua kwamba wengi wao walikuwa marafiki wa ile ofisi, na yeye akiisha kutoka, urafiki ulibaki kule kule na meza yake.

Leo tumeona tulizungumze jambo hili kwa sababu ni kubwa kuliko linavyodhaniwa, na kwa sababu dawa yake mojawapo tunayo humu humu mjini, ingawa wengi hawaijui na wale walio nayo hawaigawi ipasavyo.

Tumezoea kusema kwamba upweke ni maradhi ya Ulaya. Kwetu, twasema, kuna jamaa, kuna majirani, kuna baraza. Hayo yalikuwa kweli, na kwa sehemu bado ni kweli. Hata hivyo mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ambayo yapasa itutoe katika usingizi huo. Taarifa hiyo ilisema kwamba mtu 1 katika kila 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka vinahusiana na hali hiyo. Lililotushangaza zaidi ni kwamba katika nchi maskini wanaosema wanaona upweke ni kiasi cha asilimia 24, ilhali katika nchi tajiri ni kiasi cha asilimia 11. Kwa maneno mengine, sisi tuliojisifu kwa ujamaa wa damu na ujirani ndio tulioelemewa mara mbili.

Mwenye macho hahitaji kushangaa sana. Watoto wamekwenda Dar es Salaam, Nairobi au Maskati. Mtumishi amehamishwa mara tano katika maisha yake, na kila mji aliouacha aliacha pia watu. Mabaraza ya nyumba za kale, ambako wazee walikaa baada ya alasiri wakinywa kahawa na kupima mambo ya dunia, mengi yamegeuzwa fremu za maduka. Katika nyumba ya kupanga yenye vyumba minane, mpangaji wa chumba cha kwanza huenda asijue jina la baba wa chumba cha nane mpaka siku maiti inapotolewa.

Watu wa Pwani hawakuwa wageni wa shida hii, wala hawakukaa kitako kuitazama. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, Lamu, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam zilikuwa na vyama vya ngoma ya beni, na mashuhuri kupita vyote vilikuwa Marini na Arinoti. Wakoloni waliona magwaride, sare na vyeo vya kujipachika, wakaingiwa na shaka. Nyuma ya ngoma ile kulikuwa na mfuko. Kijana aliyeingia mjini kutafuta kazi alipokewa, mgonjwa aliangaliwa, na aliyefia mbali na kwao alipata wa kumzika. Akina mama wa Mombasa nao walikuwa na vyama vyao vya lelemama, vilivyosaidiana katika harusi na misiba. Hatusemi kwamba hao walikuwa malaika. Mashindano yao yalikula fedha nyingi, na kuna siku yaliishia kwa ugomvi. Lakini vyama vya kufa na kuzikana ambavyo hata leo vimejaa katika mitaa yetu vimeshika njia ile ile.

Sasa tugeukie klabu za huduma, kama vile Rotari na Lions. Neno lenyewe klabu lina kazi ya kujieleza mbele ya watu wetu. Mmoja akilisikia hufikiri mpira, mwingine hufikiri kilabu cha pombe, na wa tatu, baada ya kuona magari yameegeshwa nje ya hoteli na watu wamebandika nembo vifuani, hunong'ona kwamba hao ni Frimasoni. Huu uvumi wa mwisho ni wa kipuuzi, nasi tungependa ukome. Klabu hizi hupokea wageni mikutanoni mwao, na mambo yao hutangazwa kwa wote.

Asili ya Rotari yafaa ijulikane, kwa kuwa inafanana sana na asili ya vyama vyetu vya Pwani. Paul Harris alikuwa wakili aliyelelewa na babu na bibi yake katika kijiji cha Wallingford, jimbo la Vermont, huko Marekani. Mwaka 1896 alihamia Chicago. Kazi alipata, wateja alipata, lakini kijijini kwao watu walijuana na mjini hakuna aliyemjua. Tarehe 23 Februari, 1905, alikutana na wenzake watatu, mmoja mfanyabiashara wa makaa ya mawe, wa pili mhandisi wa migodi na wa tatu mshonaji nguo. Wakakubaliana kukutana kwa zamu katika ofisi zao, na zamu hiyo ndiyo iliyowapa jina. Klabu hii, ambayo leo ina wanachama zaidi ya milioni 1 duniani na ambayo ilifika Nairobi mwaka 1930, ilizaliwa na upweke wa mtu mmoja aliyehamia mjini.

Lakini kuna sehemu ya pili ya hadithi hiyo, na kwa maoni yetu ndiyo yenye mafunzo. Mwanzoni wanachama walikutana ili wafurahi na wapeane biashara, wewe ununue makaa kwangu nami nishone suti kwako. Mwaka 1906 wakili mwingine, Donald Carter, alialikwa kujiunga. Akauliza klabu hiyo inawafanyia nini watu wasio wanachama. Alipojibiwa kwamba haiwafanyii lolote, alikataa kuingia. Badala ya kumwacha aende zake, walimwomba aingie awasaidie kubadili katiba. Mwaka uliofuata klabu ilianza kuusukuma mji ujenge vyoo vya umma. Naam, vyoo. Hakuna aliyepigwa picha akikata utepe wa dhahabu.

Sisi twaamini kwamba Carter aliiokoa klabu ile. Watu wanaokutana kwa ajili ya kupendana tu aghalabu huchokana upesi, kwa maana mazungumzo huisha, kisha husengenyana. Watu wenye kazi mbele yao hawana haja ya kutafuta la kusema. Mmoja ashike kamba, wa pili apime, wa tatu alete maji ya kunywa, na jua likitua wamejuana bila kukusudia. Aliyewahi kutoka kwenye msaragambo wa kuchimba mtaro pamoja na jirani ambaye hata salamu hawakuwa wakipeana analijua jambo hili, wala hahitaji kuhubiriwa.

Chukua mfano wa polio. Mwaka 1988, serikali za dunia zilipoazimia kuungana kuufuta ugonjwa huo, watoto wapatao 350,000 walikuwa wakipoozwa nao kila mwaka. Rotari ilikwisha kujitwisha kazi hiyo tangu mwaka 1985. Tarehe 25 Agosti, 2020, Bara la Afrika lilitangazwa kuwa halina tena virusi vya asili vya polio. Kisha mwaka 2022 ikagunduliwa kwamba mtoto mmoja nchini Malawi amepooza kwa virusi vilivyotoka nje ya Afrika, na baadaye Msumbiji pia. Ikabidi chanjo irudi nyumba kwa nyumba katika nchi za jirani, Tanzania ikiwa mojawapo.

Fedha za chanjo ni jambo kubwa, lakini fedha hazibishi hodi. Anayebisha hodi ni mtu na mwenzake, kasha la barafu begani, chaki mkononi ya kuandika mlangoni na wino wa kutia kwenye kidole cha mtoto. Hufukuzwa na mbwa, hutiliwa shaka na baba mwenye nyumba, hukaribishwa uji na bibi asiyewajua. Mwalimu aliyestaafu na mfanyabiashara wa vipuri ambao wametembea hivyo kwa siku nne wamepata kitu ambacho hakiuzwi. Wana visa vya kukumbushana mpaka wazeeke. Tena kila mmoja amejua kwamba kama asingekwenda, kuna mlango ambao usingebishwa. Huko kujijua kuwa unahitajika ndiko anakokukosa mstaafu wetu anapoamka na kuvaa nguo za kazi bila kazi.

Basi, ikiwa mambo yenyewe ni hayo, kwa nini klabu hizi bado ni za wachache? Hapa hatuna budi kusema wazi, hata kama wapo wasomaji wetu watakaokasirika.

Kwanza ni lugha. Katika mji ambao sokoni, msikitini, kanisani na mahakamani watu huelewana kwa Kiswahili, zipo klabu ambazo mikutano yake huendeshwa kwa Kiingereza tangu kufunguliwa hadi kufungwa. Hakuna amri inayodai hivyo. Klabu za Brazili hukutana kwa Kireno na za Japani kwa Kijapani. Fundi seremala mwenye busara, ambaye angeweza kuwaambia kwa nini madawati waliyotoa mwaka juzi yamevunjika, hawezi kukaa saa nzima akitikisa kichwa kwa maneno asiyoyafuata.

Pili ni mahali. Chakula cha mchana hotelini ni desturi tu. Tangu mwaka 2016 klabu za Rotari zimepewa uhuru mkubwa wa kujipangia mikutano yao, alimradi wakutane angalau mara mbili kwa mwezi. Darasa la shule ya msingi jioni, birika la chai ya tangawizi na sahani ya vitumbua vingetosha kabisa.

Tatu ni ule utaratibu wa kuingia kwa kualikwa. Tunaelewa kwamba unazuia matapeli, nao wapo. Lakini aliyekaa peke yake ndiye asiyejulikana na mtu wa kumwalika! Akina mama wanalifahamu hili vizuri. Rotari duniani haikuwafungulia mlango rasmi mpaka mwaka 1989, baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kutoa hukumu mwaka 1987, na mpaka mwaka 2022 ndipo mwanamke, Jennifer Jones wa Kanada, alipokuwa rais wake. Mabibi wa lelemama wangecheka wangesikia hayo.

Lipo na la nne, nalo si la mlangoni. Ni ile tabia ya kukabidhi msaada, kupiga picha na kuondoka. Tumeona pampu za visima zenye vibao vya wafadhili vinavyong'aa, ilhali mpini hauinuki kwa kukosa mpira wa shilingi chache na mtu wa kuubadilisha. Klabu ambayo ingekuwa na wanachama kutoka kijiji hicho, au japo ingekunywa chai na kamati yake ya maji mara moja kwa robo mwaka, ingepata habari siku ile ile pampu ilipogoma.

Tunazishauri klabu za hapa kwetu zianze na mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wao. Ziwe na mkutano mmoja wa Kiswahili kila mwezi, ulio wazi kwa kila mtu, na tangazo lake libandikwe sokoni na stendi ya mabasi. Ziwe na ada nafuu kwa wastaafu na vijana. Na wastaafu nao wasikae nyumbani wakingoja kupelekewa barua. Mwenye kujua hesabu, mwenye kujua kushona, mwenye sauti ya kutuliza watoto kwenye foleni ya sindano, aende akaulize.

Tunamfahamu mzee mmoja, karani mstaafu, mjane, aliyekuwa akipita mbele ya shule siku ambayo klabu moja ilikuwa ikipima watu macho. Foleni ya wagonjwa wa mtoto wa jicho ilikuwa imevurugika na majina yanaandikwa ovyo. Aliomba kalamu. Kufikia adhuhuri daftari lilikuwa limenyooka, kila mgonjwa na kijiji chake na jicho lake, la kulia au la kushoto. Klabu ilimwita tena mwezi uliofuata, na mwingine, na mwingine. Alipougua malaria mwaka jana, waliokwenda kumtazama hospitali walikuwa muuguzi na dereva aliowapata kwenye meza ile ile. Husema kwamba siku za kupima macho huamka alfajiri bila saa.

Mpaka leo mzee huyo si mwanachama, kwa kuwa ada ya mwaka imemshinda, na katika klabu nzima hakuna aliyekumbuka kumuuliza.