Motokaa na Mwenyewe: Beringi za Ekseli ya Nyuma

Gurudumu la nyuma la motokaa lina kazi tatu kwa wakati mmoja. Hubeba uzito wa gari na watu wake, husukuma gari mbele, na katika kila kona husukumwa upande, kulia au kushoto. Mizigo hiyo yote hupitia katika beringi, duara la chuma liwezalo kufunikwa kwa kiganja cha mkono. Beringi ikiwa nzima hakuna aikumbukaye. Ikivunjika, katika magari mengi ya zamani gurudumu laweza kutoka pamoja na mhimili wake gari likiwa mwendoni, kwa kuwa beringi hiyo ndiyo iuzuiayo mhimili usichomoke.

Kwa sababu hiyo mwenye gari la zamani yampasa kujua anunue beringi ya namna gani. Mfano mzuri wapatikana Marekani, kwa watu watunzao magari ya kampuni ya Chrysler, kama Dodge Charger na Plymouth Road Runner. Mengi ya magari hayo yalitiwa ekseli ya nyuma ijulikanayo kwa kipimo cha gia yake kubwa, inchi 8¾. Ekseli hiyo ilianza kutumiwa mwaka 1957, ikaendelea hadi mwaka 1974. Leo beringi zake huuzwa za namna mbili, na kila namna ina watu waisifuo.

Namna ya kwanza ndiyo iliyotoka kiwandani. Ndani yake hamna gololi, bali mna vipande vya chuma vinene upande mmoja na vyembamba upande wa pili, mfano wa bilauri. Aliyeipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1898 ni Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi katika mji wa St. Louis. Vipande hivyo, kwa kuwa vimelala kwa mshazari, huweza kuchukua uzito utokao juu na msukumo utokao ubavuni pia. Tena, gololi hugusa njia yake mahali padogo kama nukta, lakini kipande hicho hugusa kwa urefu wake wote. Basi mzigo hugawanyika, na chuma hakichoki upesi.

Lakini beringi hiyo ina masharti yake. Kila moja huzuia msukumo wa upande mmoja tu, yaani ule wa kutoka nje. Gurudumu likisukumwa kuelekea ndani, mhimili wake hugonga kipande cha chuma kilichowekwa katikati ya difu, nacho huusukuma mhimili wa pili mpaka beringi ya upande ule izuie. Hivyo beringi mbili hizo hufanya kazi kwa kusaidiana, kama watu wawili wabebao mzigo kwa mti mmoja. Ili zisaidiane barabara, sharti mihimili iachiwe nafasi ndogo ya kucheza, na nafasi hiyo hurekebishwa kwa nati iliyo upande wa kulia. Kipimo chake ni kidogo sana: mojawapo ya vipimo vilivyotolewa ni sehemu 8 hadi 18 katika elfu moja za inchi. Nafasi ikikosekana, beringi hupata moto, grisi ikakauka, na chuma kikaungua. Ikizidi, gurudumu hucheza, sili hupasuka, na mafuta humwagikia breki.

Namna ya pili ni beringi ya gololi iliyofungwa kabisa, ambayo Wamarekani huiita “Green”. Grisi yake imetiwa tangu kiwandani. Kila moja huzuia msukumo wa pande zote mbili, kwa hiyo haihitaji kile kipande cha katikati wala nati ya kurekebisha. Fundi huishindilia katika mhimili, akafunga, kazi ikaisha. Haishangazi kwamba hupendwa na washindanao mbio fupi za njia iliyonyoka, ambao huchomoa mihimili yao mara kwa mara na hawapiti kona.

Je, mtu wa barabara ya kila siku achague ipi? Ajiulize kwanza gari lake lafanya nini. Likiwa lapita katika kona nyingi, likichukua watu na mizigo safari ndefu, ile ya kiwandani ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu msukumo wa ubavuni ndio uchoshao gololi. Likiwa latembezwa mara chache kwa mwendo wa taratibu, ile ya gololi yaweza kumtosha. Lakini ajue kwamba haitiwi grisi mpya, na siku ikianza kunguruma dawa yake ni kuitoa na kununua nyingine.

Kabla ya kununua, na autazame mwaka wa gari, maana tangu mwaka 1965 mihimili ya ekseli hiyo ilibadilishwa umbo. Tena asichanganye namna mbili, moja kulia na nyingine kushoto. Beringi ya zamani isipigwe nyundo ili iingie. Yatakiwa mashine ya kushindilia. Sili zibadilishwe wakati uo huo, kwa kuwa bei yake ni ndogo kuliko ya kufungua kazi mara ya pili. Na nafasi ya mihimili ipimwe kwa kipimo chenye mshale, isikisiwe kwa mkono.

Mara nyingi beringi ya kiwandani hulaumiwa bure. Mtu husema imemfia mapema, kumbe fundi wake hakupima ile nafasi, au alisahau kuishindilia grisi kabla ya kuifunga. Kisha hununua ile ya gololi ili aepuke kupima, wala si kwa kuwa gari lake laihitaji. Saa moja ya kupima ni kazi kidogo mbele ya safari za miaka mingi, na wahenga walisema kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta.