Ureya ni gazi ndani ya mufuko

Wamama na wababa wa koperativi, mu mikutano yetu ya Mangobo swali moja linarudi kila mara: juu ya nini bei ya ureya inarukaruka, na sisi hatuna vita na mtu wa Urusi?

Ureya inatengenezwa na gazi. Kiwanda kinachukua azoti mu hewa, kinaiunganisha na idrojeni ya gazi asilia, inatoka amonia, kisha ureya. Mwaka 2021 Ujerumani ilipata zaidi ya nusu ya gazi yake toka Urusi. Vita ya Ukraine ilipokuwa kubwa tangu Februari 2022, gazi ikapanda bei, na viwanda vingi vya mbolea vya Ulaya vikapunguza kazi ao vikasimama. Tani ya ureya, iliyokuwa karibu dola 230 mwaka 2020 mu soko la dunia, ilipita 900 mu Aprili 2022. Ile inayofika Kisangani imevuka bahari, kisha inapanda mto toka Kinshasa ao inapita barabara za mashariki. Kila hatua inakunywa mazutu, nayo pia inatoka inje.

Kwa hiyo siko nakubali sanduku la koperativi liishie ku ureya. Mufuko wa kilo 50 una kilo 23 za azoti, na ukimwaga yote mara moja, mvua yetu inabeba sehemu kubwa. Mbegu ya kunde, soya ao mukuna tunanunua mara moja, kisha tunajizalishia wenyewe. Vijidudu vya mizizi yake vinachukua ileile azoti ya hewa, bila gazi ya mtu.

Lakini tusidanganyane. Kisha kuvuna kunde, ukichoma majani, azoti inaenda na moshi. Jivu linasaidia udongo wetu wa asidi, ndiyo, lakini azoti haiko tena. Majani yabaki shambani. Na mukuna inakamata shamba musimu muzima bila kuleta chakula. Mama anayekodi kipande kidogo cha lengalenga hawezi. Yeye atumie samadi ya kuku iliyooza vizuri.

Miradi inayogawa ureya ya bure musimu moja nayo haitusaidii: mradi unaisha, mazoea yanabaki, feza hakuna.

Mu mukutano mukuu unaokuja, napendekeza feza nyingi iende ku mbegu. Ureya ibaki kwa shamba la mahindi ya mbegu tu, na tuinunue pamoja.